Watoto wa Benchi la Fundi

Niseme jambo moja mapema, asije mtu akanilaumu baadaye: Fundi hakuwa fundi mzuri. Nasema kwa mapenzi yote, na mwenyewe akisikia atacheka. Ulimpelekea baiskeli yenye pancha, akaziba, ukashukuru, ukapanda, na kabla hujafika mbali tairi limekaa chini tena. Spoku alizikaza kwa kukisia. Breki alizozifunga yeye zilikuwa za kumwomba Mungu tu. Watu wa mtaa wetu wa Bombambili tulilijua hilo, na mwenye kazi nzito aliikokota baiskeli yake mpaka Majengo kwa mafundi wengine, tena akizunguka njia ya nyuma ili asionwe.

Na bado kibanda chake hakikukosa watu. Kilikuwa mabati machache juu ya nguzo, beseni la maji ya kutafutia pancha, pampu moja inayokoroma, na benchi refu la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Jina lake tulio wengi hatukulijua. Sisi tulimwita Fundi, watoto wakamwita Babu Fundi, na alikuja Songea kutoka Namasakata, huko Tunduru, miaka mingi kabla yangu. Hayo yalitutosha.

Asubuhi Fundi hakushika spana. Tangu anapotoka msikitini alfajiri mpaka kengele ya shule ya msingi ilie, ungemletea hata baiskeli ya mkuu wa mkoa asingeigusa. Alikaa mwisho wa benchi, kofia yake ya kufuma kichwani, barabara mbele yake, na kazi yake ilikuwa moja: kuuliza watu wanaelekea wapi.

"Kapinga! Unaelekea wapi?"

"Matarawe, Fundi. Nina abiria ananisubiri."

"Abiria ana miguu. Wapakie hawa wawili wa Binti Saidi, uwashushe shuleni. Getini, sio ng'ambo ya barabara. Na uende taratibu, usikimbie kama umeiba."

Kapinga ni dereva wa bodaboda, na ana mdomo ambao haujui likizo. Atalalamika kuhusu mafuta, atalalamika kuhusu mvua, atalalamika kwamba Fundi anamwonea, na huku analalamika tayari ameshawapakia watoto na kumfunga mmoja kofia vizuri. Akitoka Kapinga, anapita mtu mwingine na baiskeli, anapewa wa kwake. Mtu akiwa anakwenda shamba mchana na ana mtoto mchanga, mtoto anapelekwa kwa Mama Upendo, aliyekaanga mandazi nyumba ya pili kutoka kibandani. Mama Upendo akiwa na safari, mtoto anapelekwa kwa Binti Saidi, mjane mwenye cherehani. Muuguzi akitoka zamu ya usiku macho yamemvimba, huyo hakupewa mtoto; alipewa amri ya kwenda kulala, na mtoto wake akapangiwa mtu.

Hakuna aliyelipwa na hakuna aliyehesabu. Siku moja mama mmoja alikuja amefura, anasema yeye amechoka, amekaa na watoto wa wenzake kuliko wenzake walivyokaa na wa kwake. Fundi alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Wa kwako yuko wapi sasa hivi?"

Mama akageuka huku, akageuka kule. Hakujua. Mtoto alikuwa kwa Binti Saidi, mdomo umejaa ugali na dagaa.

"Haya," Fundi akasema, "endelea. Ulikuwa unasema nini?"

Mama wa watu akacheka kwa aibu, akaenda zake.

Kila mtoto aliyeingia kwenye mpango huo Fundi alimkatia kipande cha tyubu kuukuu na kumfungia mkononi, kikuku cheusi cha mpira, kipana kidogo, kisichobana. Huyo sasa ni mtoto wa benchi. Maana yake kila mtu mtaani aliijua: ukimkuta analia, mnyamazishe, ukimkuta ana njaa, mlishe, ukimkuta anarusha mawe kwenye mabati ya watu, mkaripie, na usiogope mama yake, na ukimkuta peke yake, mlete kwa Fundi. Nimeona wageni wakidhani ni hirizi. Nimeona bibi mmoja wa kanisani akitaka kukikata kwa mkasi, na Mama Upendo akimwambia kwa heshima zote arudishe mkasi wake kwenye pochi.

Sasa utadhani mtu wa namna hiyo alikuwa hodari wa watoto. Aa, wapi! Fundi alimbeba mtoto mchanga kama mtu aliyebeba redio ya kuazima. Mtoto akilia, alitafuta pamba akaziba masikio. Hakuwahi kumbadilisha mtoto nepi, na ukimtania juu ya hilo alijitia hamnazo, akaanza kupiga pampu tairi ambalo halina shida. Watoto wenyewe walimwogopa kidogo. Kitu alichokijua ni watu wazima: nani ana moyo, nani ana haraka, nani leo amegombana na mumewe na asipewe mtoto wa mtu mpaka kesho. Hilo alilijua kwa kumwona tu mtu anavyotembea.

Na ulimi wake! Baba aliyejisifu kwamba anamsaidia mke wake kulea, huyo alikoma. "Unamsaidia? Kwani mtoto alikuja kwa posta, mkeo akaenda kumchukua peke yake?" Alisema hivyo mbele ya watu, tena kwa sauti ya kuitia sala. Alikuwa mwepesi wa kukemea na mzito wa kuomba radhi. Chakula cha kila mtu alikikosoa, hiki hakina chumvi, hiki kimeungua, na alikimaliza. Krismasi alikuwa wa kwanza kufika kwangu, akae, ale pilau, aseme mke wangu angeongeza bizari.

Nimemtaja mke wangu, basi nieleze nilivyoingia kwenye benchi lile.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, mwalimu wa hesabu. Songea nililetwa na barua ya ajira, nikaipenda, nikaleta mke, tukapata binti, tukamwita Nyamizi. Nyamizi alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea kwa kushika ukuta, mama yake akapata nafasi aliyoililia kwa miaka, kusomea digrii ya uuguzi Dodoma. Tukakaa chini, tukaongea. Tukakubaliana yeye aende, mimi nibaki na mtoto. Tulikuwa na dada wa kazi, msichana mpole wa Maposeni. Tukaona tumemaliza.

Mama mkwe hakuona hivyo. Alinipigia simu kutoka Shinyanga, na kwetu mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho hata kwenye simu. "Baba," akaniambia, "mwanaume hawezi. Nikivuna tu mpunga wangu, nakuja kumchukua mjukuu wangu." Nilipomweleza mke wangu, akasema jambo ambalo lilinikosesha raha mwaka mzima: "Mama akimchukua Nyamizi, mimi naacha chuo. Siwezi kukaa hapa nasoma huku mwanangu yuko Shinyanga ananisahau mimi na wewe." Namfahamu mke wangu. Hakuwa ananitishia.

Hapo ndipo mambo yote yalipokaa. Nikishindwa kumlea mtoto, mtoto anakwenda Shinyanga. Mtoto akienda Shinyanga, chuo kimekwisha. Na mimi, ninayefundisha watoto wa watu kutafuta thamani ya x, nilikuwa sijui hata uji wa mtoto unakorogwa kwa maji ya moto au ya baridi.

Mke wangu aliondoka. Haukupita muda, dada wa kazi akaomba ruhusa aende kwao akasaidie kupanda mahindi, na baada ya siku chache akapiga simu: "Mwalimu, naomba unisamehe, mama amesema nisirudi." Nilimsamehe nikiwa nimekaa sakafuni, Nyamizi amenivua saa anaitafuna.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya mama yake, nikapanda baiskeli kwenda shule, sijui naenda kufanya naye nini huko. Watu waliniona. Wengine walicheka waziwazi, mwanaume mzima na kanga. Mbele ya kibanda cha Fundi tairi likapasuka. Nikashuka nikiwa karibu kulia, jamani, nasema ukweli.

Fundi hakuliangalia tairi. "Mtoto huyu mchana anakaa na nani?"

"Kuna dada," nikadanganya.

"Dada yuko wapi?"

"Maposeni."

Watu wa benchi wakacheka, na yeye akacheka, na mimi nikajikuta nacheka. "Mwalimu, una vipindi asubuhi?"

"Vitatu."

"Mama Upendo!" akaita. "Njoo umwone mgeni wako."

Nikasema hapana, siwezi kumwacha mtoto kwa watu nisiowafahamu. Fundi hakukasirika. Alisema basi nikae kwenye benchi mpaka niwafahamu. Nikakaa. Shule nilipiga simu nikaomba udhuru, na asubuhi ile yote nilikaa pale na Nyamizi mapajani, nikiona watoto wanavyokwenda na kurudi, Mama Upendo akija kila baada ya kitambo na kipande cha andazi, akimpa mtoto, akiniambia habari zake, kanisa lake, mume wake wa Mbinga, goti lake linalomsumbua. Mchana ulipofika Nyamizi mwenyewe ndiye aliyenyoosha mikono kwake. Fundi akachukua mkasi na tyubu.

Tairi aliliziba siku hiyo hiyo. Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani, lilikuwa limeshakaa chini.

Tangu hapo maisha yangu yakaanza kuwa maisha. Nilijifunza kuoga kwa haraka, kukoroga uji, kutofautisha kilio cha njaa na kilio cha ubishi. Nikapewa zamu zangu. Jumamosi watoto wa benchi walikuja kwangu, nikawafundisha kuhesabu kwa visoda, vile vifuniko vya chupa, wakavitawanya mpaka chini ya kitanda. Baba wengine wakaanza kuja na maswali ambayo nina hakika hawajawahi kumwuliza mwanaume mwenzao: wako akiota meno ulifanyaje? Wako anakubali kunyolewa? Tulikaa pale jioni, wanaume wazima, tunazungumzia choo cha watoto kwa umakini wote. Hebu fikiria mtu aliyenicheka siku ya kanga akija kuniuliza nilimfungaje mtoto asiteleze.

Jioni Fundi alikuwa na sharti lake juu yangu. "Mpigie mama yake." Nikisema nitapiga nikifika nyumbani, "Piga hapa hapa." Nampa Nyamizi simu, anaiweka mdomoni, anaitemea mate, upande wa pili mke wangu anacheka na kulia. Nilimwuliza siku moja kwa nini anasisitiza hivyo. Akasema mtoto huanza kusahau sauti kabla hajasahau sura. Nikasema, "Umejuaje?" Akainama kwenye beseni lake kutafuta pancha.

Kulikuwa na hilo moja kwa Fundi ambalo hatukulielewa. Aliishi chumba kimoja, peke yake. Kila Idd alipanda basi la Tunduru na mfuko mkubwa wa nguo mpya, na alirudi baada ya siku mbili, kimya, mkali, hataki kusemeshwa. Kapinga peke yake ndiye aliyethubutu kumwuliza Idd ilikuwaje huko kwao. Alijibiwa, "Alhamdulillahi," na hapo hapo akapewa watoto watatu badala ya wawili.

Sasa niseme siku mama mkwe alipokuja.

Alisema atafika Jumamosi. Alifika Ijumaa. Nadhani alifanya makusudi, anikute nilivyo. Mimi nilikuwa shuleni nasimamia mtihani, simu imezimwa. Mtaa mzima ulikuwa umeshajua anakuja kukagua, maana mimi mwenyewe nililisema kwenye benchi. Na hapo ndipo watu wangu, kwa mapenzi tu, walipoharibu.

Niliyosikia baadaye ni haya. Mama Upendo alimwogesha Nyamizi asubuhi, akampaka mafuta mpaka akang'aa. Kapinga akapita akapiga kelele: amemleta bibi mmoja wa Kisukuma kutoka stendi, ana begi na uso wa hakimu, amemshusha kwa Mwalimu! Mama Upendo akatazama nyumba yake, akaona mafuta ya mandazi, moshi, masufuria. Akaona aibu. Mgeni asimkute mtoto kwenye moshi. Akamkimbiza mtoto kwa Binti Saidi, ambako kuna sakafu ya saruji na makochi. Binti Saidi alipoona mtoto anang'aa mafuta jasho likimtoka, akasema huyu hajaoga, akamwogesha tena, akamvalisha gauni jipya la mteja ambalo lilikuwa bado halijachukuliwa. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni Mwislamu na mkwe ni mtu wa kanisa, asije akasema mtoto amebadilishwa dini. Akampeleka kwa mke wa Kapinga, Mkatoliki, mwenye picha ya Bikira Maria ukutani. Mke wa Kapinga akamwogesha mara ya tatu.

Na nyuma yao, nyumba kwa nyumba, mama mkwe. Nyumbani kwangu: kufuli. Kwa Mama Upendo: "Ametoka sasa hivi, mama, amekunywa uji." Kwa Binti Saidi: "Ametoka sasa hivi, mama, amekula wali." Kwa mke wa Kapinga: mlango uko wazi, hakuna mtu, maana na yeye alikuwa ameshamchukua mtoto kumrudisha kwa Fundi ili mgeni amkute mahali panapojulikana. Mama mkwe alipofika hapo hakuuliza tena. Alianza kupiga yowe kwamba mjukuu wake ameibwa.

Nilipofika na baiskeli yangu, mwanafunzi ndiye aliyeniletea habari, barabara ilikuwa imejaa. Mama mkwe amesimama mbele ya kibanda, kilemba kimelegea, mkono kiunoni. Fundi amekaa. Ndani, juu ya magunia, Nyamizi amelala fofofo, tumbo limejaa uji na wali na andazi, gauni la watu limembana kwapani.

"Shikamoo, mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba. Begi la mtoto liko wapi? Tunaondoka na basi la kesho." Akamgeukia Fundi. "Mjukuu wangu mmemfanya mpira wa kupasiana! Nimefika nyumba nne, kila mahali ametoka sasa hivi! Mtoto gani huyu hana kwao?"

Fundi akajibu vibaya. Akasema, "Mama, huyu si mtoto wako." Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe alimwambia maneno ambayo sitayaandika, mengine kwa Kisukuma, na nashukuru ni mimi peke yangu niliyeyaelewa.

Fundi alisubiri. Kisha akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya mbele za watu, na akazungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba watu wa nyuma waliacha kunong'ona.

"Mimi nilikuwa na watatu," akasema. "Mama yao alipofariki niliwapeleka kwa mama yangu, Namasakata. Nikasema nitawachukua nikishajipanga. Mama yangu aliwalea, wallahi, kuliko ambavyo ningewalea mimi. Walikula, walisoma, hawakuugua. Nikienda Idd wananiamkia vizuri. Wananiletea maji ya kunawa. Halafu wanakwenda kukaa upande wa pili wa chumba, wanasubiri niondoke ndiyo waanze kucheka." Akakunja kofia, akaikunjua. "Hawanichukii, mama. Hawajanizoea tu. Na wewe utamlea huyu vizuri, sina shaka. Tatizo sio wewe."

Mimi nilikuwa nimekaa naye benchi moja karibu mwaka mzima, na sikujua.

Ndipo Nyamizi akaamka. Kelele zote hazikumwamsha, ukimya ukamwamsha. Akakaa juu ya magunia, akatazama watu wote wale, mdomo ukaanza kupinda, akashuka, akapita kati ya miguu ya bibi yake na ya Mama Upendo na ya Kapinga, akaja kwangu. Akanishika suruali. "Baba," akasema, akaegemeza kichwa gotini pangu, akafunga macho tena.

Mama mkwe alimtazama. Akatazama gauni, mafuta, kikuku cha mpira. "Huyu mtoto leo ameoga mara ngapi?" akauliza.

Wanawake watatu wakainua mikono, kila mmoja akishangaa mkono wa mwenzake.

Sijui nani alianza kucheka. Najua mama mkwe alikaa kwenye benchi, akajifuta uso na ncha ya kanga, na mabega yakaanza kumtikisika, na nilidhani analia mpaka niliposikia sauti. Fundi akavaa kofia yake, akasogea kumpa nafasi.

"Mama," akamwuliza, "kesho asubuhi unaelekea wapi?"

"Si nimesema napanda..." Akamtazama Nyamizi. "Sielekei popote."

"Basi utakaa na wale wawili wa Kapinga."

Alikaa na wale wawili wa Kapinga. Akakaa na wa muuguzi pia. Begi lake halikufunguliwa siku hiyo wala siku ya pili, siku ya tatu akaning'iniza nguo zake msumarini. Alirudi Shinyanga mvua zilipoanza, kwa ajili ya shamba lake, na alipoondoka alimpigia binti yake nikiwa nasikia: "Soma, mama. Huku wako watu." Mke wangu alimaliza. Anafanya kazi ya uuguzi hapa hapa mjini, na sasa tuna wawili, na Nyamizi ni mkubwa wa kuwabebea wenzake mabegi. Kila ninapomwona mke wangu amevaa sare yake nyeupe nikasikia ananiambia tumechelewa, moyoni namshukuru yule mzee wa pampu mbovu, nawashukuru akina mama wale watatu, na namshukuru Mungu kwa tairi lililopasuka mahali pale na si mbele wala nyuma ya pale.

Macho ya Fundi yalizidi kufifia. Mwanawe mkubwa alikuja kumchukua, wakaondoka na basi la Tunduru, na mwisho wa benchi siku hizi anakaa Kapinga asubuhi, analalamika na kupanga watoto.

Likizo iliyopita nilikwenda Namasakata na Nyamizi. Mke wangu alikuwa zamu. Tulimkuta Fundi barazani, kwenye kitanda cha kamba, alasiri, mikorosho imezunguka nyumba. Amekonda. Mwanawe ni mtu mzima, ana mvi, mkulima wa korosho, mtaratibu. Alitukaribisha kwa adabu zote, akamweleza baba yake kwamba kuna wageni. "Mzee, una wageni kutoka Songea," alisema, hivyo hivyo kama unavyomsemesha mzee yeyote uliyemkuta njiani.

Nyamizi akapiga goti, akaamkia, na kabla sijamwambia asimchoshe babu alikuwa ameshapanda kitandani anampa habari zote za Bombambili, nani amezaa, nani ameng'oka jino, nani amefeli. Fundi alikuwa akidakia, akibisha, akitukana mandazi ya siku hizi. Mwanawe alisimama mlangoni na sahani ya korosho mkononi, akawatazama hao wawili kwa muda mrefu.

Baadaye mzee alilala, au tulidhani amelala, na Nyamizi akaenda kucheza na watoto wa nyumba ile. Mwanawe akavuta kigoda karibu yangu.

"Mwalimu," akasema polepole, "wanakuja watu hapa. Alikuja dereva mmoja wa bodaboda, mtu mzima, akamshika mkono mzee akalia. Mimi nikawa nashangaa, analiliwa nani? Mimi namjua wa Idd. Siku mbili na mfuko wa nguo." Akazungusha korosho moja vidoleni. "Huko alikuwaje? Alikuwa anaongea?"

"Kuongea?" nikasema. "Ndugu yangu, tulikuwa tunamwomba anyamaze!"

Akatabasamu kidogo, akasubiri. Nikatafuta pa kuanzia. Nikaanza kumsimulia siku ya mvua kubwa, watoto wa shule wamenyeshewa, Fundi akawaingiza wote kibandani na yeye mwenyewe akabaki nje amejifunika beseni kichwani, akiwaimbia wimbo wa Kiyao ili wasiogope radi.

"Haikuwa radi," sauti ikatoka kitandani. "Radi ilikuwa siku nyingine. Mwalimu unaharibu."

Macho yalikuwa bado yamefumba. Mwanawe akageuka kumtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena.

"Basi tusimulie wewe, baba."

Fundi akaomba maji. Mwanawe akamletea, akamwinua, akakaa pale pale kitandani amemshikilia mgongo, na mzee akanywa, akasafisha koo, akaanza.